Maji ya Bwana Chemchemi

4 Machi

Wifi Mwalimu,

Salamu baadaye, kinyaa kwanza. Kaka yako ametapika damu juu ya gauni la bibi harusi.

Nilikuwa kwenye cherehani, namalizia pindo la gauni jeupe la binti wa mwenye duka la dawa, lile lenye mkia mrefu. Mkia wenyewe nilikuwa nimeutandaza kwenye mkeka usije ukachafuka. Akaingia ameziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia, toka nje! Hakuwahi. Ilitoka nyeusi, Wifi, ina mabonge kama maini ya kuku, halafu ikaja nyekundu. Harufu imeingia kwenye kitambaa, imeingia kwenye nywele zangu, imeingia mpaka kwenye mkate niliokuwa nimeufunika mezani. Nimefua mpaka vidole vimekunjamana, na bado kuna doa la kahawia pale bibi harusi atakapokalia. Nikiulizwa nitasema chai.

Unajua ninakoelekea. Wewe ulikuwepo alipoapa mbele ya Mama, amemshika miguu, kwamba pombe basi. Sasa tangu mwezi uliopita anajificha nyuma ya choo kusukutua maji ya chumvi. Anatafuna karafuu kutwa kama mbuzi. Anatema mate kwenye kopo lenye kifuniko, na hilo kopo halitupi mpaka aone hakuna mtu uani. Mezani hakai nasi. Nikimsogelea ananipa kisogo. Mtu anayeficha mdomo wake anaficha nini, manukato?

Jana nikamkabili. Nikamuuliza, umerudia? Akatazama chini, akasema, "Ndiyo. Nimerudia. Nisamehe." Basi, kamaliza.

Na huko nje ni Bwana Chemchemi! Boza lake likipita watu wanatoka na ndoo wanacheka, maji safi, maji matamu, maji ya chemchemi ya mlimani. Chekechea ya mtaa hawataki ya mtu mwingine. Wangemwona alivyokuwa amepiga magoti kwenye gauni langu, uzi mwekundu unamning'inia kidevuni, ptuu!

Mama yenu ananiambia nivumilie. Chumba chake ni ukuta kwa ukuta na changu, anasikia kila kitu, na mwanawe akitapika yeye anauliza kama nimempa maji.

Nakwambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote: gauni likishachukuliwa, nafungasha. Sitazeeka nikizoa matapishi ya mlevi. Nimeandika kwa sababu simu yako haipatikani mpaka upande juu ya tangi la shule, na mambo haya si ya kupazia sauti.

Wifi yako,
fundi cherehani


9 Machi

Wifi yangu,

Barua yako nimeifungua wakati wa chakula cha mchana. Usinifanyie hivyo tena. Wanafunzi wamekula sahani yangu.

Simtetei kaka. Baba yetu aliondoka kwa kinywaji na mimi ndiye niliyekuwa namwosha, kwa hiyo kwenye somo la kinyaa usinifundishe, nina shahada. Kama kweli amerudia, fungasha, nami nitakuja kukushikia begi.

Ila kuna kitu hakiniingii akilini. Kaka akinywa ana makelele. Anaimba. Anagawa viatu vyake. Anagonga milango ya majirani awaombe msamaha kwa makosa ambayo hata wao hawayajui. Sasa niambie, ameimba? Kuna kiatu kimepotea? Mlevi wa kunyamaza na kutafuna karafuu mimi simjui. Na wewe, kwa pua yako hiyo inayonusa maziwa kabla hayajachacha, umenusa pombe? Au umenusa karafuu tu ukamalizia mwenyewe?

Hata hivyo mpeleke hospitali, leo, usingoje gauni. Damu ya mabonge si ya kuombwa msamaha. Talaka itasubiri, Wifi. Maiti haipewi talaka.

Wako,
Mwalimu


14 Machi

Wifi Mwalimu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi ya wanaume. Miguu nimeikunja juu kwa sababu sakafu inanata na sitaki kujua ni nini.

Barua yako ilifika ameshaanguka chooni. Alichokuwa anaharisha ni lami. Simaanishi kitu kingine, lami ile ya barabarani, nyeusi, inang'aa, na harufu yake haina jina. Tulimnyanyua mimi na jirani wa mbele, na jirani naye akatapika, ikawa nazoa vya wawili. Mama akatoka na glasi ya maji. Nilimpigia kelele mama mzima wa watu arudi ndani. Mungu anisamehe.

Daktari wetu ni mwanamke mfupi, sauti kubwa kama muuza samaki. Akauliza, mgonjwa anakunywa pombe? Nikajibu mimi kabla yake: ndiyo, tena wa kuapa na kurudia. Kaka yako akaitikia kwa kichwa. Basi wakaanza na hilo. Wakamtundikia damu chupa moja, ikaisha, wakatundika nyingine, kisha wakamwingiza ule mpira wenye kamera mpaka tumboni. Walitafuta mishipa iliyovimba, ile ya watu walioharibika ini. Hakuna. Wakatafuta vidonda vya tumbo. Hakuna. Ini lake, daktari anasema, ni la kumwazima mtu. Lakini tumbo lilikuwa limejaa damu, na hakuna mahali inapotokea.

Nikamuuliza, kwa hiyo inatoka hewani? Hakukasirika. Alinieleza kwamba wagonjwa wengi wa aina hii ni vidonda au ini, lakini wako wachache wa ajabu. Kuna mtu ana mshipa mnene chini kidogo tu ya ngozi ya ndani ya tumbo, mahali usipotakiwa, siku moja unapasuka bila kidonda chochote. Kuna ambaye damu inavujia kwenye njia ya nyongo, inashukia utumbo. Kuna ambaye mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo umetoboka ukaungana na utumbo. Akasema ni mmoja kwenye maelfu, lakini huyo mmoja naye hulala kitandani kama wenzake.

Halafu akasema hivi: akitapika tena vile, tutampasua tutafute kwa macho. Na kwa damu aliyobaki nayo, siwezi kukuahidi kwamba ataamka.

Nikakaa chini. Sijui nilikalia nini.

Daktari akamwinamia, akamuuliza kwa upole, baba, kuna jambo hujatuambia? Akajibu, "Ni pombe tu, daktari." Alijibu upesi mno. Na lile kopo lake la mate amelikumbatia chini ya shuka, muuguzi akiligusa anamkodolea macho.

Uliniuliza. Hajaimba, na pombe sikuinusa hata siku moja. Lakini Wifi, ni nani anayekiri ulevi ambao hajaufanya?

Wako,
fundi cherehani


16 Machi

Kaka,

Sina salamu. Mkeo ameniandikia kwamba daktari ananoa visu kutafuta kitu ambacho wewe unakijua. Usinibishie, nimekujua tangu unaiba sukari na kulamba ukuta ili mama adhani ni chokaa mdomoni. Ukiiba unanyamaza, ukinywa unaimba. Hujaimba.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Niandikie mimi kama huwezi kumwambia mtu mwingine. Mpe jirani wa kitanda chako akupelekee kituo cha basi, kondakta wa asubuhi ananijua.

Mdogo wako,
Mwalimu


18 Machi

Mdogo wangu,

Naandika nimelala, vumilia mwandiko.

Chemchemi ilikauka mwaka juzi. Sikumwambia mtu. Maji nayachota machimboni, lile shimo la kokoto lililoachwa. Ng'ombe wanakunywa humo, na wanafanya mengine humo humo. Nayatia shabu tope likae chini, nayachuja kwa kitambaa, nayaweka dawa kidogo yanukie usafi. Ukiyaweka kwenye glasi unamwona mtu wa upande wa pili. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza.

Pampu ilikufa. Kwa hiyo natumbukiza mpira kule juu shimoni, nashuka kwenye boza, navuta kwa mdomo mpaka maji yaje. Madereva wote wa maji tunafanya hivyo, unavuta, unatema, unachomeka. Siku moja yakaja na kitu. Kilaini, chenye utelezi kama bamia. Kilipita kabla sijatema. Nikakohoa mpaka machozi, hakikutoka. Nikajiambia ni jani.

Si jani. Jani halitembei. Kiko huku nyuma, juu ya koo, nikilala kinasogea. Nikimeza nakisikia kinajivuta na kutulia tena. Kimekuwa kinene. Nimekipiga chumvi, karafuu, hata mafuta ya taa nilisukutua. Kinashikilia. Damu inashuka tumboni usiku kucha, asubuhi nasikia ladha ya sarafu, halafu natapika.

Nikimwambia daktari ataniuliza, ni maji gani hayo? Na ataniuliza mbele ya mke wangu, aliyekunywa, na Mama anakunywa, na wale watoto wa chekechea. Pombe watu wanaisamehe. Mlevi akiacha anapigiwa makofi. Mimi nitapigwa kitu kingine. Wacha wanipasue, pengine watakikuta na hawatajua kilipitia wapi.

Hili lishike wewe peke yako. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya.

Kaka yako


19 Machi

Wifi,

Usisome zaidi ya mstari huu. Nenda kwa daktari sasa hivi umwambie: atazame koo, nyuma kabisa na juu, kuna ruba. Nenda. Barua haitakimbia.

Umerudi? Haya. Nimepanda tangi la shule mara mbili kukupigia, simu yako imezimwa, nadhani unamkimbia mwenye gauni. Nakufungia barua ya kaka ndani ya hii. Aliniomba kwa maziwa tuliyonyonya nimfichie, nami nimeona afadhali nikose adabu kuliko nikose kaka. Isome umekaa, na usiwe na kitu tumboni.

Mimi nimekuja kwenu likizo ile, nikanywa glasi kwa glasi, nikasema, wifi, maji ya kwenu matamu. Nikamsifu! Tangu asubuhi napiga mswaki ulimi mpaka unawaka.

Mwalimu


22 Machi

Wifi Mwalimu,

Kimetoka.

Nilimfikia daktari akivaa glavu za kumpeleka chumba cha upasuaji, maana alikuwa ametapika tena alfajiri, beseni na zaidi. Nikamshika mkono, nikamwambia ruba. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamwonyesha barua ya mgonjwa mwenyewe. Alisoma mistari michache, akavua glavu, akasema, "Tulimpita mlangoni tukaenda kumtafuta sebuleni." Mara ya kwanza walishusha ule mpira moja kwa moja tumboni, kooni hawakusimama.

Safari hii wakasimama. Mimi nilikuwa mlangoni, na ningekuwa na akili ningeondoka. Nyuma kabisa, Wifi, juu ya koromeo, kilikuwa kimejibandika, cheusi kijani, kimevimba kama kidole gumba changu. Daktari akakibana kwa koleo refu. Kikanyooka. Kikanyooka tena. Kaka yako anakukuruka, wanaume wawili wamemshika, na kile kitu kinavutwa, kirefu, chembamba, kirefu, halafu pwa! Kikaachia. Wakakitupa kwenye chombo cha chuma na kikaanza kutembea. Kilitembea kwa raha zake, kimeshiba damu ya mume wangu. Muuguzi akapiga yowe akapanda kiti. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha kaka yako kilikuwa kooni, na alikuwa anakilinda.

Damu imekoma. Daktari anasema ataishi.

Nilirudi nyumbani nikamwaga pipa. Nilisimama uani nikitia vidole kooni, nikitapika maji ya miaka miwili kana kwamba yapo. Nilimwomba daktari anitazame na mimi. Hakuna kitu. Lakini kila nikimeza mate nasimama kusikiliza.

Kumbe nilikuwa namchukia kwa kosa ambalo si lake. Pombe! Laiti ingekuwa pombe. Mlevi anajitapisha mwenyewe. Huyu amejaza vinywa vyetu sote mavi ya ng'ombe na kupokea asante.

Sasa sikia. Boza halijasimama. Dereva mwenziwe analizungusha kila asubuhi, na chekechea wamejaziwa juzi. Nikamwambia kaka yako, mpigie alisimamishe. Sauti hana, akaniandikia kwenye karatasi ya dawa, hii hapa, uione kwa macho yako:

"Mke wangu, daktari nimemwomba asiseme. Watu wanajua ni pombe, waache wajue hivyo. Nikipona nitatafuta chemchemi nyingine polepole. Boza likisimama ghafla wataanza kuuliza. Mumeo."

Polepole! Nimeisoma mara tatu nikidhani nimeruka neno. Niambie la kufanya, maana nikifungua mdomo namuua kaka yako kwa aibu, na nikiufunga nawanywesha uchafu watoto wa watu.

fundi cherehani


26 Machi

Wifi mpendwa,

Namshukuru Mungu, na wewe, na huyo daktari.

Kuhusu hilo la pili nimefikiri sana. Naona tusiharakishe. Watu wamekunywa miaka miwili na hakuna aliyekufa. Mama ana shinikizo la damu. Akisikia kwamba mwanawe aliyemlisha na kumvisha ndiye aliyemnywesha uchafu, atadondoka, nawe utakuwa na msiba mikononi. Mchemshie yake kimya kimya. Kaka akipata nguvu nitamweka chini mimi mwenyewe, ataacha.

Najua nilivyokuwa mkali. Lakini aibu ya nyumba hufunikwa na watu wa nyumba. Mwambie mwenye gauni ni chai, waambie majirani ni pombe. Tumwache apone.

Wako,
Mwalimu


31 Machi

Wifi,

Barua yako imenichefua kuliko ruba. Ruba alikuwa na njaa tu.

"Hakuna aliyekufa." Wewe ni mwalimu, una darasa la watoto mbele yako, na umeandika hivyo kwa wino? Ungekuwa hapa ungeiweka glasi ile kwenye dawati la nani?

Sasa nikueleze, nisije nikaelezewa na wengine.

Kaka yako alirudi nyumbani Alhamisi. Jana mchana wakaja kumwona: mwenyekiti wa mtaa, jirani wa mbele, mwenye duka la dawa na mkewe, na yule mama wa chekechea aliyeleta mayai. Wakaketi sebuleni, Mama katikati yao kwenye kiti chake. Mwenyekiti akatoa nasaha. Akasema pombe si maji, akasema familia, akasema afya. Kaka yako ameinamisha kichwa, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza kwamba ameacha, mbele yao ameacha. Wakampigia makofi! Mama wa chekechea akafuta macho, akasema, sisi tunakuombea, maana bila wewe watoto wetu wangekunywa maji gani? Naye akamjibu, "Nawashukuru sana."

Nimezoa damu yake, nimezoa lami yake, lakini ile "nawashukuru sana" sikuweza kuizoa.

Boza lilikuwa limeegeshwa mlangoni, limejaa. Nikatoka na glasi, nikafungua bomba wakinitazama dirishani, nikajaza, nikarudi. Yalikuwa maangavu, Wifi. Nikamwekea mkononi. Nikasema, "Umeacha pombe, mume wangu. Haya, kunywa maji yako, tushuhudie."

Akaishika. Wote wanatabasamu. Akaipeleka karibu na mdomo, akaishusha. Akasema koo linauma. Nikasema, kidogo tu, ulowanishe midomo. Akasema baadaye. Koo lake likawa linapanda na kushuka na jasho limemtoka juu ya mdomo. Mwenyekiti akaniambia, shemeji, mwache mgonjwa. Nami, nakuapia, nilikuwa karibu nimwache. Nilishageuka.

Mama ndiye aliyenyoosha mkono. Alinikasirikia mimi. Akasema, "Mnamwonea mwanangu na ugonjwa wake! Lete hapa, mimi nayanywa kila siku na sijawahi kuumwa hata jino." Akamnyang'anya glasi mwanawe, akaiinua.

"Mama, usinywe!"

Sauti hiyo sikujua kama bado anayo. Aliipiga ile glasi kwa kiganja, ikapasuka ukutani, maji yakamtiririkia Mama kwenye mapaja. Mama akabaki na mkono umeinuka vile vile.

Kisha mama wa chekechea akaweka mayai yake chini, akauliza taratibu, kama anavyowauliza watoto, "Kwa nini asinywe?"

Sikufungua mdomo. Nilimwachia ajibu mwenyewe.

Wifi yako,
fundi cherehani